Picha nyeusi tupu baada ya kufunga filta ya infraredi

Ndugu, unasema picha zinatoka nyeusi tupu, lakini filta yako ya infraredi aina ya R72 si mbovu. Inazuia karibu mwanga wote tunaouona na kupitisha infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, kuanzia urefu wa wimbi wa takriban nanomita 720, ilhali ndani ya kamera, mbele ya sensa inayonasa picha, kuna kioo kinachozuia infraredi hiyohiyo. Kinachobaki ni kidogo mno.

Bila filta, elekeza rimoti ya TV, ambayo hutoa infraredi, kwenye lenzi na ubonyeze. Ukiona nukta inang'aa kwenye skrini, kamera inafaa kwa picha za infraredi. Iweke kwenye stendi, pata fokasi kabla ya kufunga filta, kisha zima fokasi ya otomatiki. Mchana wa jua kali, jaribu kuacha shata wazi kwa sekunde 30. Upepo ukivuma, majani yatatoka na ukungu, hivyo subiri utulie. Na tafadhali, usilitazame jua kupitia filta hiyo, hata kama ni nyeusi.