Barua kwa mwanangu: kabla hujalitia mkasi gauni la harusi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza jambo moja fupi: ulikate gauni lako la harusi umshonee mtoto gauni la ubatizo, au utafute kitambaa kipya? Najua unataka ndiyo au hapana. Lakini kuna swali hukuliuliza, nalo ndilo linalonizungusha kichwa tangu juzi: gauni hilo litakuja kufumuliwa na nani, na atakuta nini ndani yake?

Umenisikia nikilisema tangu ulipokuwa unakaa chini ya meza ya cherehani ukiokota pini kwa sumaku: gauni la ubatizo hushonwa kwa ajili ya atakayelifumua. Mtoto atalivaa kwa saa mbili, tena nusu ya hizo amelala. Anayelihitaji hasa ni fundi wa miaka thelathini ijayo, atakayelitoa kabatini akute mtoto mnene kuliko kifua cha gauni, lesi imechanika, na kifungo kimoja hakipo.

Gauni la kwanza, la ubatizo wako, unalijua, picha yako ukiwa nalo iko ukutani. Usichokijua vizuri ni jinsi lilivyokufa. Baada ya ubatizo wako nililifua, nikalitia wanga hadi likasimama lenyewe, nikalipiga pasi, nikalikunja mara nne, nikalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na mgongoni nikaacha pini moja ili lisifunguke. Kila nililofanya siku ile niliona ni uangalifu. Alipozaliwa mdogo wako tukalitoa. Kifuani kulikuwa na madoa ya kahawia ambayo hayakuwepo tulipoliweka: ni maziwa uliyocheua, hayakuonekana yakiwa mapya, sabuni haikuyamaliza, yakakaa gizani yakigeuka rangi. Pini ilikuwa imeshika kutu na kula tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Na kwenye kila mkunjo nyuzi zilikuwa zimekatika mstari mzima, maana uzi uliokakamaa kwa wanga haupindi, unavunjika.

Hata hapo lilikuwa bado linaponyeka. Kilicholiua ni haraka yangu. Nililiweka kwenye maji ya klorini ili madoa yatoke, na kweli yalitoka, isipokuwa kutu, ambayo klorini huizidisha. Kitambaa nacho kikaishiwa nguvu. Mama yako alilishika mkononi, hakusema neno, akaenda kuanika nguo nyingine. Kimya kile bado nakisikia. Lile jani dogo lililo peke yake karibu na mgongo, ambalo siku zote ulidhani ni pambo, ni kiraka cha lile tundu. Nililidarizi usiku mmoja kwa uzi mmoja mwembamba, na katika kazi zangu zote sijui kama ipo ninayoipenda kuliko jani lile.

Sasa turudi kwa hilo lako. Gauni la harusi sikulishona mimi, ulilinunua tayari, kwa hiyo sijui ndani yake kuna nini. Anza kwa kujua ni kitambaa gani. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwenye ziada ya mshono wa ndani, zishike kwa koleo juu ya sinki, uzichome. Zikinuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalosagika vidoleni, ni hariri. Zikinuka kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu, ni pamba au kitani. Zikiyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu, ni poliesta au nailoni. Kila sehemu ichome peke yake, kwa sababu gauni moja linaweza kuwa na satini ya poliesta, bitana ya aina nyingine na lesi ya nailoni.

Poliesta haipitishi hewa. Kwapani na mgongoni mtoto atalowa jasho. Pasi ikizidi moto inang'aa vibaya au kuyeyuka. Kisha satini yoyote, hata ya hariri, haisahau: palipopita sindano, tundu linabaki. Ukifumua mshono wa satini, safu ya vitundu inabaki inakutazama. Pamba nyembamba haiko hivyo. Ukiilowesha na kuipiga pasi, vitundu vingi vinajifunga. Ndiyo maana mimi, ningekuwa na kitambaa mkononi, ningependa batisti, yaani pamba nyembamba laini, au kitani chembamba cha kushonea leso za mkononi. Lakini nisikusukume. Hariri nzuri nayo ni hariri, na mtoto kuvaa nguo ya mama yake si jambo dogo. Najibishana mwenyewe hapa tangu asubuhi.

Ukikata lile la harusi, usiguse sehemu ya kwapa wala pindo la chini. Kwapa limeshakula jasho na dawa ya kwapa, pindo limesugua sakafu. Chukua vipande vya juu vya sketi, upande wa nyuma. Satini ina mwelekeo wa kung'aa, kwa hiyo vipande vyote vikatwe vikitazama upande mmoja, la sivyo mkono mmoja utaonekana wa rangi nyingine. Na ukinunua pamba mpya, mita tatu za upana wa sentimita 115 zinatosha gauni na shimizi yake. Ifue kwanza. Lesi ya pamba nayo iloweke kwenye maji ya moto, ianike ikiwa imelala, uipige pasi kabla ya kuishona. Lesi isiyolowekwa hurudi katika fua la kwanza na kukusanya kitambaa chote kando yake, na hilo huwezi kulinyoosha kwa pasi.

Vipimo. Mtoto wa miezi mitatu au minne huwa na kifua cha sentimita 40 hadi 44. Kifua cha gauni kiwe 50. Shingo ikishamalizika iwe 26. Urefu kutoka begani ni hiari yako, ila ukivuka sentimita 90 anayembeba atalikanyaga. Sketi iwe na mzunguko wa sentimita 170, uitie marinda hadi iingie kwenye 50. Hiyo ni mara tatu na kidogo, na kitambaa chembamba kinaihitaji. Marinda yapitishie bandi mbili za mshono mrefu wa milimita 4, moja juu ya mstari wa mshono na nyingine chini yake. Bandi moja pekee huyaacha yakilala upande upande.

Sindano ya cherehani iwe namba 60 au 65, mpya. Uzi uwe wa pamba, mwembamba, namba 60 au 80. Hapa watu wengi hukosea kwa nia njema, wanatia uzi wa poliesta wakiamini unadumu. Unadumu, ndiyo, lakini mshono ukivutwa uzi unabaki na kitambaa kinachanika. Uzi unapaswa kukatika kwanza. Uzi uliokatika ni kazi ya nusu saa, kitambaa kilichochanika ni kiraka. Urefu wa mshono uwe milimita 2. Ukifupisha sana unatoboa kitambaa kama karatasi ya stempu.

Mishono ya mbavuni na mabegani iwe ya kufichwa, ile ya kushona mara mbili. Acha ziada ya sentimita moja. Shona kwanza pande za ndani za kitambaa zikitazamana, milimita 6 kutoka ukingoni. Punguza ukingo hadi milimita 3, fungua, piga pasi, geuza pande za nje zitazamane, ushone tena kwa milimita 4. Ukingo mbichi umezikwa ndani. Usipopunguza vizuri, ndevu za nyuzi zitachungulia nje upande wa mbele, na ukizikata kwa juu utakata na mshono.

Lesi ya kuingiza katikati ya kitambaa iweke juu ya upande wa nje, uipige bandi kingo zote mbili bila kuivuta, upite zigizaga nyembamba, upana milimita 2 na urefu milimita 1, juu ya ukingo wake mzito. Geuza. Kata kitambaa kilicho nyuma ya lesi katikati, kwa mkasi wenye ncha butu. Ncha kali ndiyo inayotoboa lesi, na nimeshaona mafundi wazuri wakilia hapo. Kunja vipande viwili vielekee mbali na lesi, piga pasi, pita zigizaga tena, ndipo upunguze kilichobaki.

Mahali magauni haya yanapofia ni mpasuo wa mgongoni. Watu huufanya mfupi kwa sababu wanaona ni rahisi, kisha mtoto analia, mkono haupiti, mtu anavuta, na kitambaa kinachanika chini ya mpasuo. Ufikishe chini ya kiuno, sentimita 25 kwa jumla, uuzungushie kipande kimoja kilichonyooka kutoka juu hadi chini na kurudi juu, na pale unapoishia shona mara kadhaa mahali pamoja kwa mkono ili pasiendelee. Vifungo viwe vidogo vya kombe, vya matundu mawili, kila kimoja na uzi wake. Ukishona vyote kwa uzi mmoja unaotambaa, kimoja kikikatika vyote vinalegea. Vishone imara, kwa sababu kifungo kilicholegea kitaishia mdomoni mwa mtoto. Shingoni usitie utepe wa kuvuta.

Juu kidogo ya pindo pitisha mikunjo myembamba ya kulala, sita ya nusu sentimita. Kila mkunjo unakula mara mbili ya upana wake, kwa hiyo ongeza sentimita 6 unapokata sketi. Ni pambo, lakini pia ni akiba: fundi wa baadaye akitaka urefu, atafumua mikunjo badala ya kuunganisha kitambaa.

Udarizi usikutishe. Nyeupe juu ya nyeupe, uzi mmoja kati ya zile nyuzi sita zinazounda uzi wa pamba wa kudarizi, kipande kisichozidi sentimita 45, maana kirefu zaidi huchakaa kwa kupita kitambaani kabla hujakimaliza. Usipige fundo. Fundo huonekana kwa nje kitambaa kikiwa chembamba, na linachomoka katika fua. Anza kwa kuacha mkia, kisha uuchomeke chini ya mishono ukimaliza. Fremu izungushie utepe wa pamba kwenye duara la ndani ili isiteleze, na itoe kila jioni, usilale nayo kwenye kitambaa. Ukichora kwa kalamu ya buluu inayofutika kwa maji, suuza kwa maji baridi mpaka iishe kabisa kabla pasi haijakaribia. Joto huigandisha ikawa doa la kudumu.

Usidarizi jina la mtoto kifuani. Hapa sitabembeleza. Mdogo wake atavaa jina la nani? Majina yaende ndani, kwenye pindo la shimizi, herufi za nusu sentimita na mwaka, mmoja baada ya mwingine, na uache nafasi ndefu.

Nikikwambia habari ya kufumuliwa usidhani ni woga wa mzee. Gauni la ubatizo la familia ya kifalme ya Uingereza lilishonwa mwaka 1841 kwa hariri na lesi ya Honiton, likavaliwa na vizazi kwa miaka zaidi ya 160 likitunzwa na watu wenye kila nyenzo. Mwaka 2008 likapumzishwa, mtoto aliyebatizwa akavaa nakala. Hariri huchoka. Kwa hiyo pateni yako, ile karatasi ya kukatia kitambaa, iweke pamoja na gauni, na kipande cha kitambaa, na mita mbili za lesi iliyobaki, ili atakayekuja aweze kuiga au kuziba.

Likishavaliwa, lifue siku hiyohiyo hata kama linaonekana safi, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ulisuuze hadi maji yawe kama yalivyotoka bombani. Pamba ikiwa na doa, loweka kwenye dawa ya kung'arisha isiyo na klorini; hariri usiiguse kwa hiyo. Bila wanga. Bila pini. Livingirishe kwenye karatasi laini isiyo na asidi au shuka kuukuu la pamba jeupe, sanduku lisiwe la plastiki, na kila mwaka lifungue ulikunje mahali pengine.

Naona sijakujibu. Ukate au usikate, gauni ni lako na mtoto ni wako. Nilitaka kukuandikia neno moja, nimelifuta mara mbili. Nitasema hili tu: lesi ya mikono ya gauni lako la harusi, kama si nailoni, ingekaa vizuri kwenye pindo la gauni la pamba, na siku ikichakaa ingefumuliwa peke yake bila kugusa kitu kingine. Hilo si jibu. Au labda ni jibu, sijui.

Nitumie kipimo cha kifua cha mjukuu wangu, upime akiwa amelala chali baada ya kunyonya. Na kabla ya mkasi wowote, zile nyuzi zichome, uniambie zimenuka nini.

Baba yako