Kache kwenye mashine pepe: usiiamini mpaka uisome logi

Seva ya kache, yaani ile inayohifadhi masasisho yakishashushwa mara moja ili kompyuta nyingine ziyachukue hapohapo, ikiharibika hailalamiki. Kompyuta zinaendelea kushusha masasisho kama kawaida, ila kila moja inayavuta upya kutoka intaneti, na unakuja kushtuka bando limekata kabla mwezi haujafika nusu. Nimefunga seva hizi kwenye maabara za kompyuta hapa Dodoma, na nyingine nimeitwa kuzifufua. Mara nyingi naikuta programu ni nzima kabisa, kumbe ugonjwa uko kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) inayoibeba.

Kwa hiyo anza na netiweki. VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, ukiiacha ilivyo huiweka mashine pepe kwenye NAT (inajificha nyuma ya kompyuta mwenyeji), na anwani yake inakuwa 10.0.2.15. Ukiwa ndani yake intaneti inafunguka vizuri, unajiona umemaliza kazi, wakati kompyuta ya meza ya pili haiioni kabisa. Chagua "Bridged Adapter" ili ruta iipe anwani kama kompyuta nyingine yoyote, halafu uifunge anwani hiyo isibadilike. Tumia waya. Wi-Fi hapa itakusumbua bure.

Kuna hili pia: ukinakili mashine ya Ubuntu Server upate ya pili, zote mbili zinaweza kupewa anwani ileile hata kama MAC (namba ya kadi ya netiweki) ni tofauti, kwa sababu kitambulisho kinachotumwa kwa DHCP, huduma inayogawa anwani, kinatokana na /etc/machine-id, nacho kimenakiliwa. Futa yaliyomo kwenye faili hilo kwenye mashine ya pili, uiwashe upya.

Kama maabara yako ni ya Ubuntu au Debian tupu, usijitese: weka apt-cacher-ng, kache ya vifurushi vya apt (kisakinishi cha Ubuntu na Debian). Inasikiliza poti 3142, na kila kompyuta inahitaji faili lenye mstari mmoja tu ndani ya folda ya /etc/apt/apt.conf.d (192.168.1.10 hapa ni mfano wa anwani ya seva):

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Sasa sakinisha kifurushi kilekile kwenye kompyuta mbili, kisha fungua /var/log/apt-cacher-ng/apt-cacher.log. Mstari wenye herufi I ni mzigo ulioingia kutoka intaneti, wenye O ni uliotolewa kwa kompyuta zako. Kompyuta ya pili ikileta O bila I mpya, kache inafanya kazi. Ukiona kosa la 403 lenye maneno "CONNECT denied", ujue kuna hazina ya vifurushi inayotumia HTTPS, yaani njia iliyosimbwa. Hiyo haihifadhiki kwa njia hii; ipitishe moja kwa moja kwa kuongeza Acquire::https::Proxy "DIRECT"; kwenye kompyuta husika.

Squid, kache ya jumla isiyo ya apt pekee, ndiyo inayowachosha wengi. Kwenye Ubuntu mstari wa cache_dir, unaotaja folda ya kuhifadhia kwenye diski, umezimwa, kwa hiyo inahifadhi kwenye RAM peke yake. Unauwasha, na bado mafaili makubwa hayakai, kwa kuwa maximum_object_size (ukubwa wa juu wa faili linalohifadhiwa) ya kawaida ni MB 4. Masasisho gani siku hizi yana MB 4? Ipandishe, na uiandike juu ya mstari wa cache_dir, si chini yake. Kisha tazama access.log, logi ya Squid: TCP_MISS (faili halikukutwa kwenye kache) zikijaa hata kwa faili lililokwisha kushushwa, bado una kazi.

Diski ya kache iwe peke yake, mbali na ya mfumo. Usiiweke kwenye chelezo (nakala ya akiba) wala usiipige snapshot (picha ya hali ya mashine ya kurudia baadaye). Vilivyomo vinashushika tena, na snapshot huvimbisha diski haraka. Diski pepe ya kukua yenyewe nayo ni ya kuangalia: ukiiandikia GB 500 juu ya diski halisi ya GB 250, siku ikijaa VirtualBox itaisimamisha mashine pepe hapohapo.

Kompyuta mpakato za wanafunzi zisiandikiwe anwani ya kache moja kwa moja, maana akirudi nayo geto Ng'hong'hona apt itagoma. Zitumie Proxy-Auto-Detect, mpangilio wa apt, yenye skripti inayorudisha DIRECT seva isipoonekana.

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta mwenyeji inaweza kuwaka na mashine pepe ikabaki imelala. Kama unatumia Proxmox, mfumo mwingine wa kuendesha mashine pepe, washa "Start at boot". Ukimaliza, zima vyote kwenye soketi Jumamosi hakuna mtu, washa bila kugusa kitu kingine, na uandike apt update kwenye kompyuta ya mwanafunzi.