Mdogo wangu, mi-solo iko wapi?

Juzi kijana mmoja wa Katuba, hapa kwetu Lubumbashi, ameniandikia: "Yaya, mkubwa wangu, niko na dola 250, nataka bafle za kutikisa nyumba. Ninunue gani?" Maneno hayo hayo niliyasema mimi siku niliyopokea mshahara wangu wa kwanza.

Nilinunua bafle mbili, maboksi ya spika yaliyonifika kifuani. Kwenye katoni waliandika wati 3000 PMPO kwa wino mwekundu, nami nikaamini. Jioni ile vikombe vilitetemeka kabatini, majirani wakaja kuchungulia, nikajiona nimefika. Jumapili akaja baba mdogo, aliyepiga gitaa mtaani Kamalondo ujana wake wote. Nikamwekea rumba. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza: "Mi-solo iko wapi?"

Mi-solo, gitaa lile linalokaa kati ya rithimu na solo, halikusikika. Besi ilikuwa imelimeza. Akamaliza chai yake, akaaga. Iliniuma, na bado inaniuma, maana alifariki kabla ya kusikia vyombo nilivyo navyo leo.

Kesho yake nikashika bisibisi. Kila bafle ilikuwa na spika nne mbele, lakini zile mbili ndogo za juu hazikuwa na waya hata mmoja: plastiki tupu, imebandikwa kwa gundi. Nyuma ya ampli, mashine inayozisukuma bafle, pale waya wa umeme unapoingia, kibandiko kilisema inakula wati 60. Chombo kinachokula 60 kitakupaje 3000? PMPO ni namba ya kuuzia. Ulizia RMS, wati ambazo chombo kinatoa kweli mfululizo. Na hata wati za kweli zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio.

Nikaanza kuweka akiba. Mwishowe nikapata bafle za mtumba za njia mbili, woofa (spika ya besi) ya sentimita 16, twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya kitambaa, na ampli ya wati 40 kila upande. Nikazisukuma kwenye pembe za sebule, na besi ikavuma kama pipa tupu! Nilikaribia kuzirudisha. Kumbe pembe ndiyo inayoongeza besi. Waya mnene wa gitaa la besi hutoa karibu hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na wimbi lake linapita mita 8, wakati sebule yangu ina mita 4. Linagonga matofali linarudi, hapa besi inajaa, pale inapotea. Nikazivuta sentimita 70 kutoka ukutani, nikatandika zulia juu ya sementi, twita zikakaa usawa wa masikio yangu. Mi-solo ikatoka, ukawa unasikia hadi kidole kinavyoachia waya, na besi imetulia chini yake.

Vijana wa Lubumbashi, tuache kununua kwa macho. Nenda dukani na wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Usikubali muuzaji akuchagulie wimbo, wala apandishe sauti. Sikiliza kwa sauti ya chini kwanza: kama gitaa la katikati halisikiki, ondoka, hata kama besi imekupiga kifuani. Wanamuziki wetu hawakupiga gitaa ili tulifukie chini ya besi.

Mdogo wangu wa Katuba, hizo dola 250 zikae mfukoni kwanza. Jumapili njoo nyumbani na wimbo wako. Kiti cha baba mdogo kiko pale pale, katikati ya bafle mbili.