Nilivyokwenda Efteling kwa hela ya mwanafunzi

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo Wageningen, Uholanzi, kila nikipiga simu nyumbani Tanga mpwa wangu alikuwa na swali moja tu: "Mamdogo, umeshafika kwa Mickey?" Nilitaka sana kumjibu ndiyo. Jioni moja nikachukua karatasi nikapiga hesabu ya Disneyland Paris: basi la usiku kutoka Uholanzi, kitanda cha hosteli, tiketi ya getini, chakula cha siku mbili. Nilipofika euro 250 nikaweka kalamu chini. Hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya kodi yangu ya mwezi, na bumu la Ulaya, yaani posho ya mwanafunzi, wadogo zangu mnaokuja, halina maajabu. Linaingia tarehe yake, na kodi imeshakaa mlangoni inalisubiri.

Aliyenitoa kwenye huzuni ile ni Mkenya mmoja tuliyekuwa tukitumia naye jiko. Aliitazama karatasi yangu, akacheka. "Dada, kwani lazima Paris? Hapa hapa Uholanzi kuna Efteling."

Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo, na nadhani wengi wetu tunaotoka Afrika Mashariki hatulijui, kwa sababu Efteling haina Mickey wa kuitangaza. Ni bustani ya michezo iliyoko Kaatsheuvel, mji mdogo wa mkoa wa Brabant Kaskazini. Ilifunguliwa Mei 1952 ikiwa ni msitu wenye hadithi 10 za kale zilizojengwa kati ya miti, kwa michoro ya msanii Anton Pieck. Msitu ule upo mpaka leo, ila sasa umezungukwa na treni za kuporomoka, mashua, majumba ya mizimu na kila kitu kingine ambacho mtu hulipia ili apige kelele. Hufunguliwa siku zote za mwaka, na hilo kwa mwanafunzi ndilo jambo la kwanza la kuliwekea akili.

Maana bei ya tiketi inafuata siku. Jumamosi ya Agosti na Jumanne ya Januari si bei moja, na wala si foleni moja. Sisi tulikwenda Jumanne ya mwisho wa Januari, tukalipa euro 40 na kitu kila mmoja, mtandaoni, wiki mbili kabla. Kabla hujalipa, tafuta kalenda ya likizo za shule za Uholanzi. Likizo hizo hupishana kimkoa, kwa hiyo usiangalie ya mkoa wako peke yake. Angalia na karnivali ya Brabant, kwa kawaida Februari, wakati watu wa kule hawafanyi kazi kabisa. Jumatano pia iogope kidogo, kwa sababu shule nyingi za msingi hufunga mchana. Na maduka makubwa ya vyakula hutoa tiketi za punguzo mara kwa mara, kwa hiyo usipite tu kwenye mabango ya mlangoni kama mtu aliyefuata maziwa.

Januari ina gharama yake, nisiwadanganye. Piraña, ile safari ya maji, hulala majira ya baridi, na vitu vingine hufungwa kwa matengenezo. Ratiba ya matengenezo huwekwa wazi mapema kwenye tovuti yao. Isome kabla ya kuchagua siku, usije ukafika ukakuta kile ulichokifuata kimefunikwa turubai.

Sasa nauli, maana huku ndiko wengi wetu tunakochinjiwa. Tiketi ya getini unaiona kwa macho na unajiandaa. Nauli ya Uholanzi inakutafuna kimya kimya. Wanafunzi Waholanzi wana kadi ya kusafiri bure inayolipwa na serikali, na ukiwaona wanavyopanda na kushuka utadhani ni haki ya kila mwenye kitambulisho cha chuo. Sisi tuliotoka nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida hatumo. Nilikaa miezi 3 nikilipa nauli kamili kwa kutojua kwamba kuna usajili wa shirika la reli uitwao Dal Voordeel. Kwa ada ya euro chache kwa mwezi ulinipa punguzo la asilimia 40 nje ya saa za msongamano na wikiendi nzima. Na utamu wake uko hapa: mwenye usajili anaweza kusafiri na wenzake hadi 3, nao wakapata punguzo hilo hilo. Tulikuwa wanne: mimi, Mkenya wa jikoni, Mganda mmoja anayesomea udongo, na dada Mrundi kutoka Gitega. Mwenye usajili nilikuwa mimi peke yangu. Siku ile niliheshimiwa kama kondakta.

Msongamano wa asubuhi huisha saa 3, kwa hiyo tulisimama stesheni ya Ede-Wageningen tukipiga miguu chini kwa baridi hadi saa ilipogonga ndipo tukagusisha kadi kwenye mashine, maana huku safari hufunguliwa na kufungwa kwa kugusisha kadi. Mganda alitaka tuwahi treni ya kabla yake. Nikamwambia kaka, dakika zako hizo zina bei, utalipa wewe? Akatulia. Tulibadilisha treni mara moja mpaka 's-Hertogenbosch, ambako watu hukuita Den Bosch, kisha basi linalokwenda hadi mlangoni pa bustani. Unaweza pia kupitia Tilburg. Angalia ni upi wa karibu na unakotoka. Kwenda na kurudi, nauli yangu haikufika euro 30. Angalia vilevile tiketi za siku nzima za treni ambazo maduka kama Kruidvat na HEMA huuza kwa vipindi. Kwa mtu anayetoka mbali, Groningen au Maastricht, tiketi hiyo inaweza kushinda punguzo langu.

Chakula tulibeba. Hili sikulijadili na mtu. Mganda aliamka alfajiri akapika rolex, zile chapati zilizoviringishwa na mayai na nyanya za kwao, akazifunga moja moja kwenye karatasi ya foili, akazilaza chini ya mfuko akazifunika na skafu yake. Saa 7 mchana zilikuwa bado na uvuguvugu. Mimi nilibeba maandazi na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Efteling hawakatazi chakula cha nyumbani, na kuna meza za mbao kila mahali, ila Januari utakula ukiwa umesimama, maana benchi limelowa. Maji usinunue, ya bomba Uholanzi ni safi, beba chupa tupu ujaze. Kitu pekee tulichonunua ndani ni chipsi moja ya wanne, kwa sababu dada Mrundi alisema hawezi kunusa mafuta siku nzima akarudi na pua tupu.

Kuna jambo moja sikulitegemea kabisa. Ndani ya ule msitu wa hadithi kuna sanamu za mtu mnene, mdomo wazi, aitwaye Holle Bolle Gijs. Ni pipa la taka. Husema kwa sauti nzito "Papier hier!", yaani karatasi hapa, na ukisogeza karatasi mdomoni anaivuta kwa nguvu mpaka inakutoka mkononi, kisha anakushukuru. Mganda wetu, mtu mzima, mtafiti wa shahada ya uzamivu, alimlisha foili ya rolex. Akashukuriwa. Akamlisha karatasi ya tishu. Akashukuriwa tena. Kisha akaanza kuzunguka akiokota takataka za watu wengine, watoto wa Kiholanzi wakimfuata nyuma kama kuku. Robo saa nzima, na bei yake sifuri. Nikawaza majiji yetu yenye mapipa yasiyosema neno na taka zimelala pembeni yake.

Kuhusu foleni: pakua programu ya bustani kwenye simu kabla hujafika, inaonyesha dakika za kusubiri kila mahali, na beba pawabenki kwa sababu baridi inakula chaji. Halafu jueni njia ya wanaopanda peke yao. Baadhi ya michezo mikubwa, kama Baron 1898 na Python, ina foleni ya pembeni kwa mtu asiyejali kukaa na asiowajua, wanamjaza kwenye kiti kilichobaki. Tuliachana mlangoni pa Baron, kila mtu akapanda kivyake, tukakutana chini tukiwa tumeokoa nusu saa. Baron ni treni inayokupandisha mita 30, inakuning'iniza ukingoni ukitazama shimo la mgodi lenye moshi, halafu inakuachia. Pale juu, ubavuni mwa Mholanzi nisiyemjua, nilisoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani kule Tanga, na yeye akaitikia kwa jambo lake, sijui alisema nini.

Fata Morgana ilinichekesha kwa namna nyingine. Ni safari ya mashua iliyofunguliwa 1986, ndani ya mji wa kubuni wa Alfu Lela Ulela: soko, sultani, gereza, kasri. Kwa sisi wa pwani ni kama kumwona mtu anaigiza nyumba ya bibi yako bila kuwahi kuingia. Vilemba vimekaa vibaya, lakini mlango wa nakshi wameupatia. Nimekaa humo mara 2, kwa sababu kuna joto. Jirani yake leo kuna mchezo wa kuzunguka uitwao Sirocco. Waliotutangulia kusoma huku waliukuta na jina lingine, Monsieur Cannibale: watu walikaa kwenye vyungu, katikati kasimama sanamu la Mwafrika mpishi mla watu. Ulifungwa 2021 baada ya miaka mingi ya malalamiko. Mkenya wetu, ambaye aliwahi kuuona, hakutaka kupanda hata huu mpya. Hatukumlazimisha. Tulimnunulia... hapana, hatukumnunulia kitu, tulimpa andazi.

Usiku kabla ya kutoka kuna maonyesho ya maji na taa, Aquanura, na ni sehemu ya tiketi yako. Yatazame, lakini simama upande wa njia ya kutokea, na uwe umeshaangalia saa ya basi. Yakimalizika watu wote huondoka kwa pamoja.

Na hapo ndipo nilipojichoma mwenyewe. Den Bosch, nimechoka, nikabandika pochi nzima kwenye mashine badala ya kutoa kadi ya treni. Mashine ikasoma kadi ya benki. Nilipofika Ede nikatoa kadi ya treni kwa adabu zote, nikaigusisha, nikaenda zangu. Kwa mashine, kadi ya benki ilikuwa bado iko safarini, ikakatwa euro 20. Nusu ya tiketi! Kuna tovuti ya kudai hela ya safari ambayo hukuifunga. Nilidai, nikarudishiwa, lakini siku tatu zile sikulala vizuri. Kadi ya benki na ya treni zisikae pochi moja, ndugu zangu. Na ukihama kutoka treni kwenda basi, funga safari ya treni kwanza ndipo uanze ya basi.

Mpwa wangu nilimtumia video ya Langnek, lile jitu la msituni linalorefusha shingo. Akatazama mpaka mwisho, akauliza Mickey yuko wapi. Kwa hiyo Paris nitakwenda, na nimeshaanza kukusanya. Anayesoma nchi nyingine ya Schengen abebe pasipoti na kadi yake ya ukaazi, hahitaji viza nyingine kwa matembezi. Anayesoma Uingereza ataihitaji, na euro 90 za viza aziingize kwenye hesabu mapema. Mabasi ya watalii ya kwenda Disneyland achana nayo: treni ya RER A inaishia Marne-la-Vallée–Chessy, mlangoni kabisa, na tangu Januari 2025 safari moja ya treni ndani ya eneo la Paris, ukiacha ya viwanja vya ndege, imekuwa na bei moja, iliyoanza na euro 2.50. Stesheni moja kabla yake, Val d'Europe, kuna supamaketi kubwa ndani ya jengo la maduka. Nitashuka hapo kununua matunda na juisi. Chapati nitakuwa nazo.