Ugomvi angani, kesi ya nani?

SWALI: Ami, asalaam alaykum. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Muscat narudi nyumbani. Tuko juu ya bahari, abiria wawili wakashikana mashati kwa sababu ya pahala pa kuwekea mikoba, na mmoja wao akamzaba kibao mhudumu wa ndege. Alifungwa mikono mpaka tukatua uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja. Kijana wangu anasema bahari kuu haina serikali, kwa hiyo kesi hakuna. Ni kweli?
Mama Asha, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mwambie kijana kesi ipo.

Ukipanda ndege tena, tazama herufi zilizoandikwa karibu na mkia. Zikianza na 5H, imesajiliwa Tanzania. 5Y ni Kenya. A4O ni Oman. (Sisi Zanzibar hatuna herufi zetu, kwani usafiri wa anga ni jambo la Muungano.) Huo ndio uraia wa ndege. Kwa Mkataba wa Tokyo wa 1963, nchi iliyoisajili ina mamlaka juu ya kosa lililotendwa ndani yake ikiwa inaruka, hata juu ya maji yasiyo ya mtu. Basi kama mlipanda ya A4O, kibao kile kilipigwa chini ya sheria ya Oman. Kumfunga mikono hakukuwa ubabe: mkataba huo huo unampa rubani uwezo huo, na wa kumkabidhi mtu kwa polisi wa pale anapotua ikiwa kosa ni zito.

Kuruka kwenyewe ni habari nyingine. Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema kila nchi inamiliki anga lililo juu ya ardhi yake na bahari yake, na mgeni akiingia hufuata kanuni za mwenyeji. Nilipokuwa nikiongoza ndege mnarani Kisauni, rubani mmoja wa ndege ndogo ya kigeni alitaka kushuka chini ya kimo nilichompa. Akaniambia kwao hufanya hivyo kila siku. Nikamjibu: hapa ni Unguja, baki hapo hapo. Akabaki.

Ukishapita maili 12 za bahari kutoka pwani, hakuna mwenyeji tena, ila kanuni za kuruka zipo: ni zile za kimataifa zilizotungwa chini ya Mkataba wa Chicago, na hakuna nchi yenye ruhusa ya kuzigeuza huko. Hapa wengi huchanganyikiwa. Waongozaji wa ndege wa Mogadishu, Somalia, huziongoza ndege mbali sana baharini, lakini hiyo ni kazi waliyokabidhiwa. Maji yale hayawi Somalia kwa sababu hiyo.

Sasa wewe, mwanangu. Kama kibao ulikiona kwa macho yako, andika leo hii tarehe, namba ya safari na kiti ulichokalia, uyapeleke polisi. Mhudumu yule alikuwa kazini, na atahitaji shahidi.