Kabla Bibi Hajafika: Kuandaa Nyumba Yenye Watoto Wadogo

Shule zikifungwa Desemba, nyumba nyingi za Dar es Salaam hupokea watu wanne au watano kutoka mkoani. Mwenyeji hufikiria mchele na magodoro, na ana haki. Lakini kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, ugeni una hatari yake: vitu ulivyozoea kuviweka juu vinashuka sakafuni, na kwa kuwa watu ni wengi, kila mmoja anaamini mwenzake anamwangalia mtoto.

Anza na mkoba wa bibi. Mtu mwenye presha au kisukari husafiri na dawa zake, mara nyingi zikiwa kwenye vibahasha vya duka la dawa ambavyo mtoto anavichana kwa meno. Mkoba huwekwa chini, pembeni ya godoro, na mtoto anaufikia kabla chai haijaiva. Kidonge kimoja tu cha glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, kinaweza kumpotezea fahamu mtoto mdogo, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo akimeza, usingoje kumpeleka hospitali eti kwa sababu bado anacheza. Vidonge vya kuongeza damu alivyo navyo shangazi mjamzito navyo ni hatari kubwa, maana vingi ni vyekundu, vinang'aa kama pipi.

Dawa ya hili ni msumari. Pigilia wa inchi 4 kwenye ukuta wa chumba cha wageni, usawa wa kichwa cha mtu mzima, mbali na kitanda au kiti cha kupandia. Mgeni akishuka stendi ya mabasi ya Mbezi na kufika nyumbani, pokea mkoba mwenyewe, utundike, kisha sema: "Mama, mkoba wako nimeuweka hapa juu, wajukuu wasije wakauchezea." Ukisema hivyo wakati wa kupokea mizigo ni heshima. Ukisubiri kesho yake, itaonekana unamkosoa.

Mtoto akimeza dawa, au mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, usimtapishe na usimnyweshe maziwa. Chukua pakiti au chupa yenyewe, nenda naye hospitali papo hapo.

Kuhusu kumwangalia, mkabidhi mtoto kwa jina na kwa sauti: "Shangazi, Asha yuko kwako mpaka nitoke jikoni." Usiondoke kabla hajajibu, "Haya, ninaye." Saa mbaya kuliko zote ni kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, wakati kuna kupika, kuoga na kuandaa meza kwa pamoja. Wageni huoga kwa zamu na kuacha ndoo ina maji ya mwenzao anayefuata. Mtoto wa mwaka mmoja ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo hawezi kujiinua, na maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha kimyakimya. Ndoo ikishatumika imwagwe, igeuzwe juu chini, na mlango wa bafu ufungwe kwa komeo la juu. Chupa ya chai ikae katikati ya meza, na kitambaa cha meza kiondolewe kabisa, kwa sababu mtoto hukivuta ili asimame. Akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si unga.

Halafu kuna chakula, ambapo maneno huwa mengi. Bibi aliyelea watoto saba atataka kumpa mjukuu wa miezi mitatu maji au dawa ya chango. Hadi miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, pamoja na dawa alizoandikiwa. Maji humjaza tumbo akanyonya kidogo, na yakiwa si salama humletea kuharisha. Ni vizuri maneno haya yasemwe na mwana wa bibi mwenyewe, si mkwe, na yasemwe mapema. Mpe bibi kazi yenye uzito: amwogeshe mtoto, ampikie mzazi mtori. Asali ya Tabora aliyokuja nayo ni zawadi nzuri, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiilambe hata kidogo, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli hadi pumzi. Karanga na korosho nzimanzima ziwe mbali na wote walio chini ya miaka mitano.

Kulala ni rahisi kama vyandarua vipo. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini kwa saa 24 kwanza. Kwa godoro la sebuleni, funga kamba kwenye nondo za dirisha na misumari ya ukuta wa pili, kisha chomeka pindo chini ya godoro pande zote nne. Binamu wakubwa walale pamoja wakitaka, lakini mtoto mchanga alale chali karibu na mama yake, si katikati ya wageni wala kwenye kochi.

Siku ya kuondoka geti linabaki wazi, mizigo inabebwa, na gari linarudi nyuma huku watu wakiagana. Mtu mmoja ambaye hasafiri ambebe mtoto mgongoni hadi gari lishike barabara. Kisha, kabla ya kumshusha, washa tochi ya simu na umulike chini ya kitanda, chini ya godoro na nyuma ya kochi. Tafuta vidonge, sarafu, na betri ndogo za duara.