Baba watoto anataka tuandike Kiingereza tu

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Huu ni mwaka wetu wa 6 hapa Marekani. Tumeletewa fomu ya Ofisi ya Sensa inayouliza kama nyumbani tunazungumza lugha nyingine mbali na Kiingereza, na Kiingereza chenyewe tunakijua kiasi gani. Baba watoto anataka tuandike Kiingereza tu. Anaogopa tukitaja Kiswahili, binti yetu wa miaka 7 atahamishwa darasa. Tufanyeje?
Mama wa watoto wawili, Ohio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Andikeni Kiswahili.

Hofu ya baba watoto naielewa, ila amechanganya fomu mbili. Ile ya shule hujazwa wakati wa kumwandikisha mtoto. Ukitaja lugha nyingine, mtoto hupimwa Kiingereza kwanza, na hata akionekana anahitaji masomo ya ziada ya lugha, mzazi ana haki ya kuyakataa. Hii ya Sensa haipelekwi shuleni. Mfanyakazi wa Sensa akitoa siri ya majibu yenu, sheria inaruhusu afungwe hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 250,000.

Tena kila mtu kuanzia miaka 5 hujaziwa majibu yake mwenyewe. Binti yenu anaweza kuandikwa Kiswahili nyumbani, na Kiingereza "vizuri sana". Hapo hakuna mgongano.

Kwenye kile kipimo ndipo naomba mtulie. Majibu ni manne: vizuri sana, vizuri, si vizuri, hajui kabisa. Wengi wetu hukimbilia la kwanza kwa kuona haya. Mimi nilimjazia hivyo marehemu mama yangu, kwa kuwa alijua kusalimia na kuulizia bei. Baadaye nikampeleka kliniki moja isiyokuwa na mkalimani. Nilipotoka kidogo kupokea simu, muuguzi akamuuliza kama kuna dawa zinazomdhuru. Mama akaitikia "yes" kwa adabu, kama alivyoitikia kila swali. Niliporudi nikakuta keshafungwa mkononi utepe mwekundu wa mgonjwa mwenye mzio wa dawa. Hakuwa na mzio wowote.

Sensa inamhesabu kila aliye chini ya "vizuri sana" kuwa Kiingereza chake hakijatosha, na hata aliyejibu "vizuri" yumo. Hesabu hizo ndizo miji na hospitali huangalia zinapopanga wakalimani. Haki ya asiyejua Kiingereza kusaidiwa ilipiganiwa: mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule, kwa lugha asiyoielewa, si kumtendea sawa na wenzake.

Mwandike "Swahili", msiandike "African", maana jibu hilo halitaji lugha yoyote.

Nawe mwenyewe, mwanangu, hukuniambia Kiingereza chako kikoje. Kama daktari akikueleza ugonjwa unamtazama binti akutafsirie, basi si "vizuri sana". Jaza hivyo.